Siku Nilipombeba Bibi wa Watu Hadi Buffalo

Jamani, hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, kwa sababu najua inazunguka, na kila ikipita mdomo mmoja inaongezwa chumvi, juzi tu nimeisikia Louisville kwamba eti niliteka mabibi wawili. Hapana. Alikuwa mmoja. Na sikumteka, nilimbeba kwa heshima zote, nikamfunga mkanda wa gari, nikampa na maji ya kunywa, na heshima hiyo hiyo ndiyo iliyoniaibisha mbele ya kanisa zima, kiasi kwamba hadi leo nikikanyaga Bailey Avenue kuna mzee mmoja hunisalimia kwa kuniuliza, "Leo umebeba wa nani?"

Ngoja nianze na makoti, maana bila makoti hamtanielewa.

Mke wangu Noella ni Mkongo, amekulia Buffalo, mtaa ule wa Kensington-Bailey, na kule wana sikukuu yao ya kuaga baridi ambayo sijaiona mahali pengine popote, inaitwa Sikukuu ya Kuvua Koti. Aliyeianzisha ni Mama Nabintu, mtu wa Bukavu. Mama huyu alifika Buffalo theluji ikiwa magotini, akapewa koti la zambarau lenye kofia, akalivaa pale pale uwanja wa ndege na hakulivua tena. Alipika nalo. Alisali nalo. Watu husema hata kulala alilala nalo (hapo sijui, mimi sikuwepo). Kila aliyemwambia ndani kuna joto, Mama vua, alimjibu kwamba joto hilo ni la mashine, mashine huharibika, yeye atavua siku atakapoona majani. Basi theluji ikayeyuka, majani yakachungulia nyuma ya nyumba, Mama Nabintu akatoka, akavua koti mbele ya majirani wote, akalitundika kwenye kamba ya nguo, akarudi jikoni kupika maharage na lengalenga, ule mchicha wao, akaita kila mtu aliyemjua, na kila aliyekuja akatundika koti lake pembeni ya lile la zambarau. Mwaka uliofuata wakarudia, na uliofuata, mpaka ua wa nyumba ukawa mdogo wakahamia ua wa kanisa. Sheria ni moja tu: koti la kwanza kwenye kamba ni la Mama Nabintu. Kabla yake havui mtu, hata jua liwake vipi.

Sasa, miaka michache iliyopita sheria hiyo ilivunjwa, na aliyeivunja ni huyu huyu mke wangu. Mama Nabintu alikuwa akifanya kazi kiwanda kimoja Tonawanda, pamoja na marehemu mama mkwe wangu, mmoja zamu ya mchana na mwingine ya usiku, kwa hiyo Noella alilelewa na wote wawili kwa zamu, akitoka mgongoni kwa huyu anaingia mgongoni kwa yule. Mwaka huo zamu ilirefushwa, Mama akachelewa, jua likawaka, watoto wakaanza kulia ndani ya makoti, na Noella ndiye aliyekuwa ameshika kipaza sauti. Akasema, "Tuanze tu, Mama atatukuta." Mama aliwakuta. Alisimama getini na koti lake la zambarau, akaitazama kamba ilivyojaa, hakugomba, akageuka. Kabla ya baridi kurudi alikuwa amehamia kwa mwanawe Newburg, Louisville, na tangu hapo hakukanyaga tena Buffalo. Harusi yetu ilifungwa Buffalo, hakuja. Simu alipokea, baraka alitoa, lakini ukimtajia sikukuu alijibu lile lile: "Mulishaka kuanza bila mimi, muendelee tu." Noella alilia siku ya harusi yetu, na sio kwa sababu yangu (nilihakikisha).

Mwaka huu, sijui Noella alimwambia nini, Mama akakubali. Ila akaweka masharti: hapandi ndege, haji peke yake kama mzigo, afuatwe kama mama anavyofuatwa, na wamngoje. Ikatokea gari la kanisa fulani la Louisville lilikuwa linaleta akina mama harusini hapa Columbus, ninapoishi, basi ikapangwa aje nalo mpaka kwetu, kisha mimi nimchukue nimfikishe Buffalo. Noella alitangulia kwenda kuandaa. Mlangoni alinishika kola ya shati. "Eliya, kazi yako ni moja tu. Moja. Akichelewa tena, mimi yule mama nimempoteza."

Nikaomba picha, maana mimi Mama Nabintu sikuwahi kumwona kwa macho. Picha iliyopo ni moja, ya baridi ile ya kwanza, na ndani yake kuna koti la zambarau, kofia ya koti, na pua. Noella akaniongezea: ni mfupi, mzee, atavaa kitenge cha kijani.

Asubuhi nikafika kwenye paking ya duka la chakula cha kwetu, pale wanapouza unga wa muhogo na samaki wakavu, ndipo gari la Louisville lilikuwa limeshusha abiria. Akina mama wengi walikuwa wameshachukuliwa na watu wao. Mlangoni pa duka amebaki bibi mmoja, mfupi, mzee, kitenge cha kijani, ameketi juu ya begi lake kubwa.

Hapa ndipo ningemuuliza jina, mambo yakaisha. Swali dogo tu. Lakini unamuulizaje bibi wa umri ule, "Samahani, wewe ni nani?" Mimi ni Mrundi, nimelelewa kambini Kigoma na bibi ambaye ukimuuliza mtu mzima jina lake anakuuliza kama umeajiriwa polisi. Na huyu si bibi wa hivi hivi, ni mwanzilishi, mtu aliyeondoka Buffalo kwa sababu ya kudharauliwa, halafu mimi mkwe nimpokee kwa kumuuliza kitambulisho? Nikaona bora niheshimu. Nikainama, nikampa mikono miwili.

"Shikamoo Bibi. Nimekuja kukuchukua."

"Marahaba mjukuu wangu. Nilijua mtakuja."

Marahaba! Mama wa Bukavu anaitikia marahaba kama mtu wa Kigoma, na mimi badala ya kushtuka nikafurahi, nikajisemea, ona, mama wa watu amejifunza na salamu za kwetu. Nikabeba begi. Lilinuka viazi vitamu. Koti sikuliona, nikajiambia litakuwa ndani ya begi. (Mwanzilishi wa Sikukuu ya Kuvua Koti, anakwenda kwenye Sikukuu ya Kuvua Koti, bila koti, na mimi naona sawa. Ndiyo huyo mnayemwita mtu mwenye akili zake.)

Tukaondoka. Bibi alikuwa msafiri mzuri kuliko wote niliowahi kuwabeba, halalamiki, haulizi, anakula karanga zake na kunigawia. Nami nikaona barabara ni ndefu, nimpendeze, nikaanza kumsimulia historia ya sikukuu vile nilivyoisikia, koti, theluji, kamba, maharage. Bibi alisikiliza kwa makini sana. Kila nikifika pazuri anapiga paja, "Ehee! Huyo mama alikuwa na kichwa!" Nikajua ni unyenyekevu, mtu mkubwa hajisifu, anajizungumza kama mtu mwingine. Nilipofika kwenye ile siku walipoanza bila yeye, akatikisa kichwa, akasema, "Walimkosea. Lakini si angerudi tu? Mimi ningerudi." Nikakaribia kulia kwenye usukani. Nikajisemea, Mungu mkubwa, ameshasamehe.

Baada ya hapo akalala, na mimi nikazima mlio wa simu isije ikamwamsha. Tuliposimama kuweka mafuta nilimpigia Noella kwa kunong'ona. "Niko naye. Amelala."

"Usimusumbue," Noella akanong'ona na yeye, yuko Buffalo huko ananong'ona. "Anasema nini?"

"Amesamehe."

Nikasikia anapumua kwa nguvu, kisha akakata simu. Kama kuna neno moja maishani mwangu ningelirudisha mdomoni, ni hilo.

Tukafika Buffalo mchana, na siku hiyo, kwa makusudi kabisa, jua liliamua kuwaka. Ua wa kanisa umejaa watu na wote wamevaa makoti, yale mazito ya Januari, wengine wamefunga zipu mpaka kidevuni, wanasubiri. Jasho linawatiririka. Wapiga ngoma wamevaa makoti. Mchungaji koti. Watoto nyuso zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Hakuna aliyevua, kwa sababu mwaka huu waliapa. Na mimi kabla ya kushuka nikavaa la kwangu, jeusi, jipya, lenye manyoya kwenye kofia.

Walipoona gari vigelegele vikapasuka. Vitenge vikatandikwa kwenye majani kuanzia mlango wa gari mpaka kwenye kamba, Bibi akanitazama, nikamwambia, "Pita Bibi, ni yako," na yeye akapita, polepole, anapunga mkono kulia na kushoto. Mtaniuliza, je, hakuna aliyemjua Mama Nabintu? Wengi waliomjua walishahama, wako Columbus, wako Louisville, ndivyo tulivyo, tunafuata kazi. Waliobaki walikuwa wachache, na wao nao wamelelewa kama mimi. Papa Balola, mzee wa kanisa, alimtazama Bibi kwa muda, akamgeukia mwenzake akasema kwa sauti ya chini, "Amekonda sana." Mwenzake akajibu, "Ni Louisville, donc batu banabadilika." Basi, wakaendelea kupiga makofi. Na Noella, mtu pekee ambaye angemtambua hata gizani, alikuwa jikoni chini ya kanisa, anageuza fufu.

Bibi akapewa kipaza sauti. Akakitazama, akasema, "Nashukuru sana. Sijui nimefanya nini, lakini nashukuru."

Watu walishangilia unyenyekevu huo mpaka wengine wakafuta machozi.

Kisha akasimamishwa mbele ya kamba, kila mtu mkono uko kwenye zipu. Bibi hana koti. Ananitazama mimi. Nikafungua begi haraka, viazi, samaki, viazi. Watu wanangoja, mtoto mmoja ameanza kulia, nami bila kufikiri nikavua langu nikamwekea mikononi, nikamwonyesha kamba. Akalitundika vizuri, akalinyoosha na mikono yake. Ngoma zikalia, na makoti yakaanza kuruka, jamani, furaha ile sitaisahau, kamba zililemewa mpaka zikagusa majani. (Mnaofuatilia mmeshaona kwamba koti la kwanza kuvuliwa mwaka huu, mbele ya wote, lilikuwa langu mimi, mkwe.)

Tukiwa katikati ya ngoma, muziki wa spika ukakatika, ikaanza kulia simu. Ni simu ya Noella, ndiyo iliyokuwa imeunganishwa na spika kwa ajili ya nyimbo, na kijana wa muziki, kwa kutaka kuinyamazisha, akabonyeza kupokea. Sauti ya mama mmoja ikatoka kwenye spika zote nne, ikajaa ua mzima.

"Allô? Noella? Niko mu motokari ya kijana moja, anaitwa Fabrice. Bwana yako alibeba koko yake, bibi yake, mimi akaniacha ku magasin. Niliingia kukununulia ndagala, kutoka, hakuna mutu. Tunamupigia bwana yako, hapokei."

Papa Balola alikuwa wa kwanza kushika kichwa. Wale wachache wote waliitambua sauti ile.

"Na hizo vigelegele nasikia," sauti ikaendelea, sasa polepole, "bon... mulishaka kuvula?"

Noella alikuwa ametokea mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Akaitazama kamba imejaa. Akamtazama bibi kwenye kiti cha heshima. Akanitazama mimi, na macho yale sitayaelezea hapa, kuna watoto. Kisha akatembea mpaka kwenye simu.

"Hapana, Mama," akasema. "Hatujavula. Tunakungoja."

Sauti ikajibu, "Sawa. Nakuja."

Alipokata simu hakuna aliyetoa amri. Mchungaji alikwenda kwenye kamba akavuta koti la karibu, na wote wakamfuata, kila mtu anashika analopata, mchungaji mwenyewe akaishia ndani ya koti la waridi lenye sungura mfukoni, na katika dakika chache ua mzima ulikuwa umerudi kwenye makoti, katika jua lile lile. Mimi nikapiga magoti mbele ya kiti cha heshima.

"Bibi, naomba unisamehe. Jina lako ni nani?"

"Esperansi," akasema, wala hakushangaa. "Na wewe?"

Tumetembea siku nzima, hata langu hakuwa analijua. Mjukuu wake Fabrice alimwambia atakuja yeye au atatuma rafiki, basi alipoona nimebeba begi kwa mikono miwili akajua rafiki ana adabu. Nikamuuliza sasa mbona barabara ndefu vile hakuniuliza tunakwenda wapi. "Nilifikiri Columbus ni kubwa," akasema. "Mgeni hasumbui mwenyeji."

Tukangoja. Sijawahi kuona watu wakingoja vile. Walikunywa maji ya barafu, walikaa kwenye kivuli cha ukuta, Papa Balola aliweka miguu kwenye beseni, lakini zipu hazikufunguliwa. Mtu pekee asiye na koti nilikuwa mimi, kwa sababu Bibi Esperansi alipoona wote wamevaa, na yeye alivaa langu, na hakuna aliyethubutu kumvua. Noella hakuniongelesha. Alisimama getini pale pale Mama aliposimama mwaka ule, na kila gari likipita anainua kidevu.

Walifika jua limeshashuka na upepo wa ziwa umeanza kuingia, ule wa Buffalo unaokusahaulisha kwamba mchana kulikuwa na joto. Fabrice alishuka kwanza, amenuna, akaenda moja kwa moja kumkumbatia bibi yake. Halafu akashuka Mama Nabintu. Mfupi, mzee, kitenge cha kijani, na juu yake koti la zambarau. Noella akamfungulia geti.

Mama akaingia. Akatazama kamba, tupu. Akatazama watu, wote makoti. Kisha macho yakanifikia, nimesimama na shati la mikono mifupi, natetemeka.

"Na weye? Koti yako iko wapi?"

Kabla sijatunga uongo, Bibi Esperansi akanijibia kwa roho safi kabisa. "Ni hili hapa! Nililitundika la kwanza kabisa, wakafurahi sana, wakavua wote. Halafu ulipopiga simu wakavaa tena."

Noella akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mimi nikaanza kutafuta kwa macho njia ya kurudi Columbus kwa miguu.

"Mulivala tena?" Mama Nabintu akauliza. "Na ile jua?"

"Ndiyo, Mama," Noella akasema ndani ya viganja.

"Juu yangu mimi, sababu yangu?"

"Juu yako."

Mama akamwendea, akamtoa mikono usoni, mmoja kisha mwingine. "Ile mwaka," akasema, "nilisimama hapa, nikangoja mutu moja avale tena. Moja tu. Mungevala tena, mi singeenda Louisville." Na hapo wakalia wote wawili, na mimi nikalia, sina cha kuficha, na mchungaji akalia ndani ya sungura wake.

Baridi ilikuwa imeshakuwa baridi ya kweli. Watu sasa, kwa mara ya kwanza siku hiyo, walikuwa wanayafurahia makoti yao. Mama Nabintu akajifuta, akanitazama nilivyojikunja, akafungua vifungo vya koti lake la zambarau kimoja kimoja, akalivua, na badala ya kulipeleka kwenye kamba akanivika mimi, akanipandishia na kofia mpaka kwenye nyusi.

"Bon," akawageukia wote. "Mimi nimevula. Muvule."

Na wakavua! Watu waliochemka mchana kutwa ndani ya makoti wakayavua upepo unavuma kutoka ziwani, wakayatundika, wakala maharage na lengalenga meno yanagongana, huku wakicheka, na katika ua wote ule mtu mmoja tu alikuwa amevaa koti. Walinipiga picha. Ndiyo imebandikwa sasa mlangoni pa kanisa, pembeni ya ile ya zamani, na ukiitazama unaona zambarau, kofia, na pua.

Bibi Esperansi na Mama Nabintu wanapigiana simu kila Jumapili, na mwakani wanakuja pamoja, gari moja, dereva Fabrice. Mimi nimepumzishwa. Nami nimeapa: hata bibi awe na miaka mia, hata awe amekaa kwenye kiti cha enzi, kwanza namuuliza jina ndipo naushika mkoba wake. Nimelizoea swali hilo kiasi kwamba juzi nilimpigia bibi yangu mwenyewe, aliyenilea, yuko Kigoma mpaka leo, nikaanza, "Samahani Bibi, naongea na nani?" Akaniuliza kama huku Amerika wameniajiri polisi.